Kusoma Tageti ya Yadi Mia Mbili

Karatasi ilirudi safi. Askari aliyekuwa handakini aliileta akiwa ameishika kwa pembe mbili kama mtu anayeanua shuka, akaitandaza juu ya boneti ya Landirova, na sote tukainama kuitazama. Risasi tano zilikuwa zimetoka kwenye bunduki. Nilizisikia moja baada ya nyingine, na bega langu liliruka kwa kila moja ingawa si mimi niliyekuwa nikipiga. Hakukuwa na tundu hata moja.

Ningependelea tageti mbaya. Tageti mbaya inasomeka. Matundu yakiangukia chini kushoto, mtu anavuta triga kwa pupa na kidole kinaihamisha bunduki nzima. Yakijipanga wima, hajatulia pumzi. Yakitawanyika kila upande, jicho lake liko kwenye tageti badala ya kuwa kwenye ncha ya mbele ya bunduki. Hayo nilikuwa nimeyasoma katika kitabu kidogo cha mafunzo nilichokikuta stoo, chenye mchoro wa duara lililogawanywa kama chapati, kila kipande na kosa lake. Niliupenda mchoro ule kuliko kitu chochote nilichokutana nacho tangu niingie kazini, kwa sababu uliahidi kwamba kila kosa lina mahali pake. Karatasi safi haikuwa na kipande kwenye chapati ile.

"Bwana D.O.," sajenti akasema, "hii unaweza kuipeleka nyumbani ufungie sukari."

Sikuwa D.O. kamili, yule afisa wa serikali anayesimamia tarafa. Nilikuwa kadeti, yaani D.O. anayejifunza, kijana mwenye digrii ya hisabati na jiografia, niliyeletwa katika tarafa moja ya majani chai baina ya Kericho na Bomet mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kwetu ni Kisii, ng'ambo ya mpaka tu. Nilitarajia mabaraza, kesi za mipaka ya mashamba na barabara zinazosombwa na mvua. Hakuna aliyeniambia chuoni kwamba ningewajibika pia kwa askari wa utawala wa tarafa, na kwamba ningesimama nyuma yao wakipimwa shabaha huku nikijiuliza kama uso wangu unaonyesha ninavyoogopa mlio.

Miaka yote walikuwa wakipimwa kwa yadi mia moja. Mwaka ule ikashuka amri mpya: yadi mia mbili. Risasi tano, nne ziwe ndani ya duara. Atakayeshindwa mara tatu arudishe sare na bunduki, aende nyumbani. Askari wangu wote walifaulu, wengine mara ya kwanza, wengine ya pili, isipokuwa mmoja. Karatasi ile safi ilikuwa yake, nayo ilikuwa ya pili.

Alikuwa konstebo wa miaka arobaini hivi, Mkipsigis wa hapo hapo, mrefu, na ndewe za masikio yake zilizotobolewa ujanani alizikunja na kuzining'iniza juu ya sikio ili kofia ikae vizuri. Alikuwa amevaa sare tangu kabla ya Uhuru. Ng'ombe wakiibwa mpakani, yeye ndiye aliyetumwa, na mara nyingi alirudi nao bila mtu kuumizwa, kwa sababu alikaa na wale wazee wa upande wa pili akazungumza mpaka wakachoka naye. Kuzungumza alijua. Kusikiliza ilikuwa shida. Mtoto wake mkubwa alikuwa anangoja kuingia sekondari, na mke wake alikuwa ameshawaambia majirani kwamba karo ipo, baba ana kazi ya serikali.

Uwanja wa shabaha ulikuwa bondeni, umebanwa na mashamba ya chai pande tatu. Nyuma ya tageti kulikuwa na ukingo wa udongo mwekundu ambao mvua za miaka mingi zilikuwa zimeula mpaka ukabaki na kimo cha mtu na nusu, na juu yake mlima ulipanda wenye chai tupu hadi kwenye mistari ya miti ya migrevilea. Siku za kupiga, bendera nyekundu ikipanda, wachumaji walihamishwa kutoka mlima ule wakapelekwa wa kando. Kutoka hapo waliona kila kitu. Wengi walikuwa mama zetu wa Kisii waliokuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya kampuni, na vikapu mgongoni, na walitoa maoni kwa sauti kubwa kwa lugha ambayo kwenye uwanja ule ni mimi tu niliyeielewa.

"Yule mrefu anampiga nani?" mmoja alipaza sauti siku ile ya karatasi safi.

"Anampiga Mungu!"

"Mwambie Mungu alikwishaondoka hapo, alipomwona analala chini!"

Konstebo aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanasema mvua inakuja.

Mkaguzi aliyetoka Kericho kusimamia mtihani alikuwa mtu mkimya, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisema tarehe ya mara ya tatu itakuwa mwezi unaofuata. Nikaomba ruhusa ya kumfundisha konstebo mwenyewe. Sijui kilichonisukuma. Labda ni kwamba usiku wote uliotangulia nilikuwa nimeota ule mchoro wa duara. Mkaguzi alinitazama, akamtazama sajenti, akasema, "Jaribu."

Sajenti alikuwa mtu wa kando ya ziwa aliyefika Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kurudi, na aliamini kwamba bunduki hufundishwa kwa sauti. "Huyu hana ugonjwa," aliniambia. "Ana kichwa. Kichwa hakina dawa." Lakini alinifungulia sanduku la risasi za mazoezi, akakaa pembeni juu ya gunia, akavuta kiko chake akisubiri kuona msomi atafanya nini.

Kwa kuwa yadi mia mbili hazikunipa tundu la kusoma, nikamrudisha konstebo kwenye yadi mia. Hapo alipiga vizuri. Matundu yote yalikaa ndani ya duara, yamekaribiana, ila yaliegemea kidogo sana upande wa kushoto na chini. Mtu mwingine angeona askari mwenye shabaha nzuri. Mimi niliona chini kushoto. Nikafungua kitabu.

"Unavuta triga kwa pupa," nikamwambia.

"Mimi?"

"Unaibana kwa mshtuko kabla haijalia. Unaogopa teke lake."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Afande, teke? Mimi nimepigwa teke na punda wa marehemu baba yangu hapa," akaonyesha paja. "Hii bunduki ni mtoto."

Hata hivyo nikaweka senti kumi, ile ya zamani yenye tundu katikati, juu ya mtutu, nikamwambia avute triga bila risasi ndani. Kama anashtuka, senti itaanguka. Alivuta. Senti ilikaa. Akavuta tena na tena akinitazama mimi badala ya tageti, na senti ikakaa kama imegundishwa. Nikamwomba sajenti achanganye maganda matupu na risasi za kweli bila konstebo kujua, maana anayeogopa mlio hujikunja hata ganda likiwa tupu. Bunduki ilisema klik, na konstebo hakutikisika hata ukope. "Imekufa hii," akasema tu, akavuta bolti.

Basi ni pumzi, nikawaza. Nikamfundisha kupumua: vuta, toa nusu, shika. Au ni kidole gumba, kinasukuma kitako. Au ni shavu, linaondoka kwenye mbao kabla ya risasi kutoka, kwa sababu kitabu kilisema anayeinua kichwa mapema hupiga juu. Nikamwambia mambo haya yote. Kufikia wiki ya pili alikuwa analala nyuma ya bunduki akihesabu pumzi, gumba limekaa hewani kama la mtu anayeomba lifti, shavu limebanwa mpaka jicho limefumba, na matundu ya yadi mia, yale yaliyokuwa yamekaribiana, yalikuwa yametawanyika karatasi nzima.

"Bwana D.O.," sajenti akasema kutoka kwenye gunia lake, "mgonjwa alikuja na mafua, sasa ana malaria."

Nilikasirika, na zaidi kwa sababu alikuwa akisema ninachoogopa. Nilirudi kwenye chumba changu nyuma ya ofisi nikatandaza tageti zote kitandani, nikakaa sakafuni. Kila moja ilikuwa na maana tatu. Hii inaweza kuwa pumzi, au gumba, au ni mvua ilianza. Nilichoka na matundu. Nilimchukia aliyechora ule mchoro, akakaa mahali fulani pakavu akagawa makosa ya binadamu vipande vinane.

Konstebo mwenyewe hakuonekana kuwa na wasiwasi, na hilo pia lilinikera. Tulipokuwa tunarudi kutoka uwanjani alipenda kunionyesha nchi. "Unaona mlima ule, afande? Kutoka pale wazee wetu walikuwa wanawapiga babu zako mishale. Hawakukosa."

"Babu yangu alifia kitandani," nikasema.

"Basi huyo alikimbia."

"Alikuwa mwalimu wa kanisa."

"Ndiyo nasema, alikimbia mapema!" Akacheka peke yake mpaka tukafika barabarani. Mimi nilikuwa nawaza gumba.

Aliyekuja kutufungua ni nyapara wa shamba la jirani. Alifika ofisini asubuhi moja akiwa amejaa hasira, mikono yote miwili imebeba matawi ya chai, akayaweka juu ya meza yangu. Yalikuwa yamekatika vibaya, mbao nyeupe ikionekana.

"Bwana D.O., mimi sina ugomvi na serikali," akasema. "Lakini chai hii ni ya kampuni. Bwana wa shamba ameniuliza nani anapogoa kabla ya wakati, nimwambie nini? Nimwambie ni askari?"

Unaweza kufikiri ningeomba radhi. Nilisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka. "Ni wapi? Kote mlimani au mahali pamoja?"

"Mahali pamoja! Kama mtu amekaa hapo na panga!"

Tulipanda naye. Mtu asiyeijua chai hawezi kuelewa jinsi ilivyokuwa rahisi kuona. Wachumaji huilinda meza ya chai, ule usawa wa juu wa miti, kwa ufito wanaoulaza juu yake ili wasichume chini ya mstari, na mlima mzima huwa umelala kama kitambaa kilichopigwa pasi. Juu ya ukingo, kimo cha mtu kupita tageti ya mwisho, ile tuliyompa konstebo kila mara, kitambaa kilikuwa na shimo. Matawi yalikuwa yamevunjika, na nyuma yake udongo ulikuwa umechimbuliwa. Nikapiga magoti. Risasi zote, za mara ya kwanza na za mara ya pili, zilikuwa zimepita katika nafasi isiyozidi sinia ya kuletea chai.

Nilikaa pale kwenye tope nikacheka, na nyapara akarudi nyuma hatua mbili. Konstebo hakuwa amekosa ovyo. Alikuwa amepiga mahali pamoja, kwa ustadi, pasipo na tageti. Mtu wa pupa hafanyi hivyo. Wala wa pumzi, wala wa gumba. Matundu yakikaa pamoja lakini mbali na katikati, mwili wa mpigaji hauna kosa. Kosa liko kwenye bunduki, au liko mahali anapolenga. Kitabu kilisema hivyo waziwazi kwenye ukurasa wa nne, ambao sikuutilia maanani kwa sababu haukuwa na mchoro.

Furaha ile ilidumu mpaka nilipofika chini. Mwezi ulikuwa umekaribia kwisha.

Sajenti aliichukua bunduki ya konstebo, akapiga risasi mbili za yadi mia mbili akiwa na kiko mdomoni, zote ndani ya duara. Bunduki ilikuwa nzima. Akatikisa sanduku. "Zimekwisha za mazoezi. Ulizimaliza kwenye pumzi." Nilipiga simu Kericho kuomba nyingine. Nikaambiwa kila tarafa ina fungu lake.

Basi bila risasi, nikaweka gunia la udongo kwenye mstari wa yadi mia mbili, konstebo akalala akalaza bunduki juu ya gunia.

"Lenga kama siku ya mtihani. Ukimaliza, usiiguse. Ondoka polepole."

Alilenga, akajiviringisha pembeni. Nililala mahali pake, pakiwa bado na joto lake, nikafumba jicho la kushoto nikatazama. Tageti haikuwapo. Mbele ya ncha kulikuwa na chai, majani mabichi, na chini sana ndipo nilipoona ukingo wa juu wa karatasi.

"Konstebo, unalenga nini?"

"Tageti."

"Tageti iko chini."

"Najua iko chini. Mimi si kipofu, afande."

"Sasa mbona bunduki inaangalia majani chai?"

Alinijibu kwa upole, jinsi mtu anavyomweleza mgeni njia. "Ili ikifika kule iwe imeshuka. Kitu ukirusha mbali si kinashuka? Mshale, mtu akiwa karibu, unalenga yeye. Akiwa mbali, unalenga juu ya kichwa chake. Ukimlenga mwenyewe, utachimba viazi."

Sajenti alitoa kiko mdomoni.

"Na baksaiti?" nikauliza. Baksaiti ni kile kilengeo cha nyuma, chenye kibao kinachosogezwa juu kadiri tageti inavyokuwa mbali. "Umeipandisha?"

"Nimepandisha. Mia mbili. Angalia."

"Kwa nini umeipandisha?"

"Si sajenti amesema 'pandisha'? Akisema pandisha, napandisha. Akisema piga buti rangi, napiga."

Nililala pale pale, kidevu kwenye nyasi. Kibao kile kazi yake ni moja: kuinua mtutu ili mpigaji alenge doa lenyewe, risasi ikishuka ifike. Konstebo alikuwa akiinua mtutu kwa kibao kwa sababu ameamriwa, kisha akiuinua tena kwa jicho kwa sababu ana akili. Aliijua njia ya risasi hewani. Mimi niliwahi kuichora njia hiyo hiyo ubaoni mbele ya darasa zima, na hesabu zake zote, na kwa wiki tatu nilikuwa nikimfundisha kupumua.

"Hukuwahi kumwambia kibao ni cha nini?" nikamuuliza sajenti.

"Kila mtu anajua."

"Yeye hajui."

"Kwa nini hakuuliza?"

"Aulize nini, naye anaamini anajua?"

"Msigombane kwa ajili yangu," konstebo akasema. "Kwa hivyo hiki kibao kinainua?"

"Kinainua. Wewe lenga doa. Kazi nyingine ni yake."

Alikichezea kile kibao muda mrefu, akikipandisha na kukishusha, akiuangalia mtutu kwa kando. Nilimwona akifikiri, na kwa kweli nilifurahi. Siku zilizobaki nilimlaza kwenye gunia kila asubuhi. Kila nilipotazama nyuma yake, ncha ilikuwa imekaa katikati ya doa kama imechorwa. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Siku ya mtihani kulikuwa na jua, na wingu la saa nane lilikuwa bado mbali upande wa Mau. Mkaguzi alisoma kanuni: mpigaji akishalala chini, hakuna mtu kumsemesha. Konstebo alilala. Sajenti akatoa amri, kibao kikapanda. Nilisimama nyuma nimeshika mikono yangu mwenyewe.

Risasi ya kwanza ilirusha vumbi. Kutoka handakini kijiti chenye kisahani kikainuka kikaonyesha mahali: chini ya duara, kwenye pindo la karatasi.

Chini! Mambo yote niliyowahi kuyasoma yalinijia kwa pamoja. Kibao hakikupanda? Kimepanda, nilikiona. Amevuta kwa pupa? Hajawahi. Amekata tamaa, amelegeza kitako? Ya pili ikalia. Kisahani kikaonyesha mahali pale pale, chini, karibu kugusana na ya kwanza. Mbili pamoja. Ni lengo, si mwili. Analenga chini! Kwa nini analenga chini? Nikakohoa. Mkaguzi akageuka akanitazama, nikainamisha kichwa. Ningeweza kumwambia kwa neno moja.

Konstebo hakuvuta bolti mara moja. Aliinua kichwa, akakitazama kile kisahani kule mbali, akarudisha shavu kwenye mbao.

Ya tatu iliingia katikati. Ya nne katikati. Ya tano katikati. Kwenye mlima wa kando mama zetu walipiga vigelegele, na mmoja akasema sasa Mungu anaweza kurudi.

Tatu ndani, mbili nje. Nilikimbia na karatasi mpaka kwa mkaguzi.

"Bwana, tazama tatu za mwisho. Zinaweza kufunikwa na kifuniko cha chupa. Na mbili za kwanza, tazama, nazo ziko pamoja. Huyu hakosi. Alikuwa analenga chini, akagundua mwenyewe, akasahihisha hapo hapo. Ukimpa tano nyingine sasa hivi, zote—"

"Ni ngapi ndani?"

"Tatu. Lakini ukizisoma—"

"Kijana," akasema bila ukali, akichomoa kalamu, "tageti inahesabiwa. Haisomwi."

Nilimwambia kuhusu mishale. Nilimwambia kuhusu kibao, kuhusu chai, kuhusu amri ya yadi mia mbili iliyokuja bila mtu kueleza kitu. Najua sauti yangu ilipanda, kwa sababu sajenti alikuja akasimama karibu nami. Mkaguzi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba tarafa nyingine zina askari waliorudishwa nyumbani kwa kupungukiwa risasi moja, nao pia walikuwa na ma-D.O. wenye maneno. Akafunga mlango wa gari.

Konstebo alikuwa ameketi kwenye nyasi mbali na wenzake, bunduki imelala mapajani. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake na karatasi.

"Kwa nini ulilenga chini?"

"Ulisema kibao kinainua." Alisema bila kinyongo. "Usiku nikafikiria. Kinainua, lakini kiasi gani? Wewe hukusema. Nikaona isije ikapita juu tena, nishushe kidogo nipunguze."

"Kwenye gunia ulikuwa unalenga sawasawa!"

"Kwa gunia hakuna risasi, afande. Ningeshushia nini?"

Nilikuwa na maelezo. Nikatandaza karatasi kwenye nyasi nikaanza kumwonyesha, hizi mbili zimekaa pamoja, maana yake mkono wako ni mzuri, na hizi tatu zinaonyesha kwamba ulipoona kisahani uliamua mwenyewe, na kwamba kama kibao kingeelezwa tangu mwanzo, kama risasi za mazoezi zingebaki hata mbili tu, ungekwisha kujua kiasi gani. Nilikuwa nikisema kweli tupu, na nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kuzungusha kidole kwenye yale matundu.

Akaweka kiganja chake juu ya karatasi, kikafunika yote.

"Afande. Nilikuona ukiongea na yule mkubwa. Amekubali ama amekataa?"

"Amekataa."

Alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Kisha akavua kofia, akazikunjua zile ndewe zake zikaning'inia, akajikuna sikio kwa muda.

"Sare narudisha leo?"

"Kesho."

"Kesho ni sawa. Leo nipite nayo nyumbani. Watoto wakiniona nakuja bila hiyo, wataanza kulia tangu kule barabarani, na mama yao atasikia kabla sijafika." Alisimama, akavuta bolti, akahakikisha bunduki ni tupu, akanikabidhi. "Na zile tatu?"

"Zilikuwa katikati."

"Nilijua," akasema. "Ya tatu ilipotoka, nilijua."

Lori lililokuwa limebeba majani mabichi kwenda kiwandani Mogogosiek lilikuwa linapanda kilima taratibu. Aliliita kwa mluzi, likapunguza mwendo, akarukia nyuma akakaa juu ya magunia ya chai, bado amevaa sare yake. Nilibaki na bunduki mkononi, kibao chake cha nyuma kikiwa bado kimepanda hadi mia mbili. Sajenti alikuja akakishusha kwa kidole gumba, akaichukua bunduki, akaenda nayo garini.